Ng'ombe Wanne na Saa ya Ng'ambo

Risala ya Kikundi cha Blogu ya Huku na Ng'ambo, Tunduma, kwa mgeni rasmi, Ndugu Brayson Silwimba, siku ya kufungua chumba cha kompyuta, Oktoba 2014

Mgeni rasmi, Ndugu Brayson Silwimba;
Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wako;
Wazee wetu, wazazi wetu;
Na nyinyi ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, asubuhi hii, ambao kwa saa zenu mmewahi na kwa saa zetu mmechelewa:

Karibu

Karibu nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu mama yako mkubwa amekaa pale safu ya mbele tangu asubuhi, na ameshatuambia mara mbili jinsi ulivyokuwa ukikimbia maji ya kuoga kila baridi ya Juni ilipoingia. Maneno hayo mwenyekiti wetu aliyakata kwenye risala. Msomaji ameyarudisha.

Tumeagizwa tuanze kwa kumshukuru Mungu aliyekupitisha salama kwenye milima na makona yote kati ya Dar es Salaam na hapa. Tunamshukuru kweli. Lakini tuseme ukweli mapema: maneno hayo ya makona na milima si yetu. Tumeyaazima kwa wakulima wa kahawa wa Iyula, kwenye risala waliyosoma mwaka jana. Tulikwenda kwa katibu wao, mama Yunisi, tukamwomba. Akacheka, akasema, "Chukueni, ila mseme mmeyatoa wapi, na safari hii someni kabla ya kusoma."

Aliposema "safari hii" alikuwa na maana yake. Mwaka 2011 tuliichukua risala yao nzima bila kumuuliza mtu, tukabadilisha jina la kikundi tu, tukaisoma mbele ya diwani. Katikati ya ukumbi, sisi waandishi wa mtandaoni, tusio na hata mche mmoja, tukaomba kwa unyenyekevu mkubwa tupatiwe mashine ya kumenyea kahawa. Diwani akaandika kwenye daftari lake. Watu walicheka mpaka wakalia. Kwa hiyo, mgeni rasmi, utakapotusikia leo tukizungumzia kunakili, usidhani wanaosema ni malaika.

Historia fupi

Kikundi kilianza mwaka 2010 na watu watatu; leo tupo kumi na tatu. Mwenyekiti ni mzee Zebedayo, fundi saa wa pale sokoni. Wengi mnakijua kibanda chake: ukutani ana safu mbili za saa, ya juu inasoma wakati wa Tanzania, ya chini wakati wa Zambia, zikipishana saa nzima. Mtu akipita anatazama ile inayomhusu, anaendelea na safari.

Mwandishi wetu mkuu ni Ferista, mwenye steshenari karibu na stendi. Kazi yake ya mchana ni kutoa kopi. Vyeti, vitambulisho, pasi za kusafiria, barua za mapenzi pia zimo, maana watu hawana aibu. Mtu anayetoa kopi mia mbili kwa siku hawezi kuichukia kopi. Ila Ferista ana tabia moja inayowaudhi wateja wenye haraka: ukimpa karatasi yenye jina la mtu mwingine, atakuuliza, "Mwenyewe anajua?" Ukijiumauma, anairudisha.

Blogu tuliifungua kwa sababu watu walikuwa wanataka kujua mambo ambayo hayasemwi redioni. Foleni ya malori imefika wapi leo? Mahindi wanayachukuaje upande ule? Nani amefariki, anazikwa lini, huku au ng'ambo? Tukaandika. Tukajikuta tunasomwa na wake za madereva Dar es Salaam, na vijana wetu walioko Lusaka wanaotamani kusikia habari za kwao.

Mafanikio

Mafanikio yapo na hatutayafanyia unyenyekevu wa uongo. Bibi mmoja aliyepotea njia kutoka Galula, asiyekumbuka jina la kijiji chake, alirudi kwa wanawe baada ya siku mbili kwa sababu tuliweka picha yake na maelezo ya kitenge alichovaa. Na leo tunapokea chumba hiki na kompyuta tano ulizotuletea. Tumezipokea kwa mikono miwili, na hatusemi hivyo kwa mdomo tu. Kabla ya leo tulikuwa tunaandika kwenye mashine moja ya Ferista, ambayo kitufe cha herufi "a" tunakibonyeza kwa kalamu.

Kuna mafanikio mengine ambayo mwanzoni tuliyafurahia, baadaye tukajiuliza kama kweli ni mafanikio. Tulianza kuona habari zetu kwenye tovuti za watu. Neno kwa neno. Bandiko la foleni limetoka kwetu saa tatu, saa tano liko Arusha, lina jina la mtu asiyewahi kuiona foleni yenyewe. Mzee Zebedayo alikuwa anaita watu kibandani: "Njooni muone, tumefika mbali!" Ferista yeye aliona kwamba tumefika mbali lakini majina yetu yamebaki njiani.

Akatushauri tuweke mstari chini ya kila bandiko: *Hairuhusiwi kunakili bila idhini ya Huku na Ng'ambo.* Tukauweka. Wiki ileile tukaukuta mstari huohuo, kama ulivyo, chini ya bandiko letu, kwenye tovuti ya watu walionakili. Walichukua na kufuli na mlango.

Changamoto

Umeme unakatika, bando linaisha, mvua ikinyesha mtandao unalala. Hayo utayasikia popote utakapoalikwa, kwa hiyo tumeyamaliza kwa sentensi moja ili tubaki na nafasi ya changamoto tuliyokusudia kuisema.

Mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie. Hii ina mwanzo wake.

Siku ya Alhamisi, mwezi Machi mwaka jana, Ferista alifunga duka mapema akaenda kumjulia hali shemeji yake anayekaa pembezoni mwa mji, karibu na mpaka. Wiki hiyo mji mzima ulikuwa unazungumza habari ya mfanyabiashara mmoja aliyevunjiwa zizi na kuibiwa ng'ombe wanne. Basi njiani akakutana na mzee wa makamo, fimbo mabegani, anaswaga ng'ombe. Akawahesabu. Wanne.

"Shikamoo baba. Hawa unawatoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mnadani. Nawapeleka nyumbani, Msangano."

"Una kibali?"

Mzee hakukasirika. Alisimama, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akampa. Ferista akaipiga picha kwa simu. Akampiga picha na mzee mwenyewe, na ng'ombe wake. Mzee akauliza kama picha hiyo ataiona siku moja, maana alikuwa hajawahi kupigwa picha na mifugo yake. Jina lake Kashinje.

Ferista alipofika dukani akazitazama zile picha. Kibali kilikuwa kimeandikwa kuwa kimetolewa saa sita na dakika arobaini na tano mchana. Simu ilionyesha kuwa picha ilipigwa saa sita na dakika ishirini. Kibali kilikuwa mkononi mwa mzee dakika ishirini na tano kabla ya kuandikwa! Aliyekiandika aliandika saa ambayo haijafika. Kwa akili yake ya siku ile hapakuwa na maelezo mengine: kibali ni cha kughushi, na ng'ombe ni wa wizi.

Tusimlaumu peke yake. Alimpelekea mzee Zebedayo azitazame. Fundi saa, miaka thelathini kwenye saa, akavaa ile lenzi yake ya jichoni, akasoma, akapiga paja. "Tumemkamata!" Bandiko likatoka jioni ileile, picha ya mzee juu, kibali chini yake, na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: *Kibali cha saa ambayo haijafika.* Jina tuliliandika. Kijiji tulikiandika. Neno "mwizi" tuliliandika mara tatu.

Ferista alilala usingizi mtamu siku tatu. Alijiona ni mwandishi hasa.

Jumapili akaenda kanisani. Ibada yetu huanza saa tatu. Akatazama simu, saa tatu kasoro dakika tano, akaingia akitembea kwa madaha. Mchungaji alikuwa anakaribia kumaliza mahubiri. Ferista alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi alipoelewa. Kule pembezoni mwa mji, karibu na mpaka, simu ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo. Ilikuwa imejirudisha nyuma saa nzima, ikabaki hivyohivyo. Na dukani aliko kila siku, ana saa ya ukutani. Simu alikuwa haiulizi wakati.

Akahesabu kwa vidole, pale kanisani, watu wakiimba. Ile picha haikupigwa saa sita na dakika ishirini. Ilipigwa saa saba na dakika ishirini. Kibali cha mzee Kashinje kilikuwa na dakika thelathini na tano tangu kiandikwe. Ni muda wa kutosha kabisa mtu kuswaga ng'ombe wanne kutoka mnadani mpaka pale alipomkuta.

Hakuna mtoto wa Tunduma asiyejua kwamba simu zetu hufanya hivyo. Tunataniana kwa jambo hilo kila wiki. Ferista analijua tangu simu zilipoingia mjini. Na siku moja tu alipotakiwa kulikumbuka, halikumjia. Alitoka kanisani akilia, waumini wakidhani ni mahubiri.

Mgeni rasmi, usishangae kwamba tunayajua yaliyokuwa moyoni mwake. Ferista ndiye anayekusomea risala hii. Aliomba asome kwa kusema "mimi", tukamkatalia. Risala ni ya wote, na hata kosa lile wote tulilipigia makofi. Kwa hiyo anasoma jina lake kama la mtu mwingine, na akikwama kidogo mtamvumilia.

Jumapili hiyohiyo tulilibadilisha bandiko. Juu kabisa tukaandika kwamba tumekosea, tumekosea vipi, na kwamba mzee Kashinje ni mtu safi. Kesho yake Ferista na mwenyekiti wakapanda bodaboda mbili wakashuka Msangano. Kule chini joto la Machi si mchezo, na mwenyekiti njia nzima alikuwa anajiuliza kama watapokewa kwa maji au kwa fimbo.

Aliyewapokea ni mke wa mzee, mama Nyanzobe. Aliwawekea vigoda, akawaletea maziwa kwenye kibuyu.

"Kunyweni kwanza," akasema. "Hasira yangu ipo, itawasubiri."

Wakanywa. Hasira ikaja, na walistahili. Mzee Kashinje alisikiliza mpaka mkewe alipomaliza, kisha akasema maneno ambayo Ferista ameyaandika nyuma ya daftari lake la dukani:

"Mimi kusoma sijui, mwanangu. Ila kila aliyesoma, namjua anavyonitazama akimaliza. Umekuja mwenyewe kwa miguu yako, nimekusamehe. Sasa waliosoma la kwanza, wasome na la pili. Hilo tu."

Hilo tu. Ferista alirudi akiwa mwepesi. Aliona jambo dogo: la pili lipo tayari, liko juu ya la kwanza, nani atashindwa kuliona?

Alipofungua mtandao akakuta bandiko la kwanza lilishaondoka tangu Ijumaa. Tovuti moja kubwa ya Dar es Salaam ililichukua zima. Jina letu walilitoa, nembo yao wakaigonga juu ya uso wa mzee. Kutoka kwao likachukuliwa na tovuti nyingine kumi. Zote zilikuwa na la kwanza. La pili haikuwa nalo hata moja.

Hapo ndipo tulipoelewa, mgeni rasmi, tatizo la kunakiliwa ni nini. Siku zote tulidhani ni kuibiwa sifa. Sifa ni kitu gani? Mtu hafi kwa kukosa sifa. Ila ukiwa na maandishi yako, kosa ukilifanya unaweza kulifuta, ukaomba radhi, ukalala. Aliyeyachukua maandishi bila kukuambia amelichukua na kosa lako, akalipeleka mahali ambapo mkono wako haufiki.

Ferista alianza kuwaandikia mmoja mmoja. Hakutukana. Aliandika kama anavyomwandikia mtu barua ya kumjulia hali: sisi ni fulani, bandiko hili ni letu, lina kosa, kosa ni hili, tafadhali ondoeni. Wa kwanza kujibu ni kijana wa Morogoro: "Dada, samahani sana, nilidhani ni ya wale wakubwa. Nimeshaitoa." Akaja mwingine, akaja mwingine. Mmoja alitugombeza kwanza, akaitoa baadaye. Saba waliondoa. Tovuti tatu hazina mwenyewe. Ziliachwa kama nyumba iliyohamwa, na mwaka huu zimezimika zenyewe.

Ikabaki ile moja kubwa. Inaitwa Mlingoti.

Kwa Mlingoti Ferista ameandika mara tisa, kwenye ule ukurasa wenye maneno "Wasiliana nasi". Mara tisa amejibiwa, tena dakika ileile: *Asante kwa kuwasiliana na Mlingoti. Maoni yako ni muhimu kwetu.* Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya nne alijua kuwa hakuna mtu.

Na huku nyumbani? Mzee Kashinje alikuwa mwenyekiti wa josho la kijiji. Alijiuzulu mwenyewe kabla hajaambiwa. Mnadani haendi tena, anakwenda mama Nyanzobe. Safari moja alipita Galula kumtazama dada yake, mtu mmoja akalitafuta jina lake kwenye simu, wakamkalisha ofisi ya kijiji kutwa nzima mpaka alipodhaminiwa. Yote hayo aliyavumilia. Hatukuwahi kusikia akimtaja Ferista kwa ubaya.

Mwaka huu binti yake, Happy, amepata mchumba. Ni mwalimu, mtoto wa Iyula, familia ya wakulima wa kahawa, watu wa kanisa. Vijana wanapendana, mama zao wamekubaliana, siku ikapangwa. Halafu baba mkubwa wa kijana, mzee Osea, akafungua simu.

Ferista alipanda Iyula kumwona. Alimkuta uani, ananika kahawa. Akamwonyesha bandiko letu lililosahihishwa. Mzee Osea akalisoma polepole mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mama, nimekusikia. Lakini hii ni blogu yako mwenyewe. Hiyo nyingine ni ya Dar es Salaam, ina ofisi, ina watu. Nimwamini nani?"

"Baba, hiyo ya Dar es Salaam ilichukua kwangu. Neno kwa neno."

"Ilichukua kwako?"

"Ndiyo, baba."

Mzee Osea akageuza kahawa yake kidogo. "Basi kama ilichukua kwako la kwanza," akasema, "mbona haikuchukua na la pili?"

Mzee hakuwa mkali. Alisema hana neno na binti, wala hana neno na Kashinje. Ila ng'ombe wa mahari hawezi kuwaingiza kwenye zizi linalosemwa vile mbele ya nchi nzima, maana kesho wajukuu watasoma. Jumamosi ijayo ndiyo siku waliyopanga kushuka Msangano. Amesema Ijumaa jioni ataifungua simu yake tena. Akikuta vilevile, hawatashuka.

Ombi

Mgeni rasmi, tovuti ya Mlingoti ni yako.

Kimya hiki tulikitarajia. Wengi humu ukumbini walikuwa hawajui. Mama yako mkubwa alikuwa hajui, na kwake tunaomba radhi kwa namna ya pekee, kwa sababu amekuja kufurahi.

Tunataka ufahamu kwamba hatukupenda kukuaibisha. Jana tulimtuma mwenyekiti hotelini ulikofikia, akuone pembeni, mtu na mwenzake. Msaidizi wako alimjibu kwa adabu kwamba ratiba imejaa, na kwamba lolote la kikundi lisemwe kwenye risala. Tumetii.

Tulibishana wiki mbili. Wanne kati yetu walisema tusome risala ya kawaida, tushukuru, tupige picha, tuombe na printa. "Mgeni hasutwi mbele za watu," alisema mzee Zebedayo, "na kompyuta zenyewe bado ziko kwenye maboksi. Atazipakia arudi nazo." Ferista akamuuliza, "Na mzee Kashinje tulimsuta mbele ya nani? Yeye alikuwa ametukosea nini?" Tukapiga kura. Tisa walisema isomwe. Mwenyekiti, ambaye kura yake ilikuwa ya kukataa, ndiye aliyekaa siku mbili akiinakili kwa mwandiko wake mzuri, maana anasema lenzi ile ya jichoni inamsuta kila akiivaa.

Hatudhani uliichukua kwa mkono wako. Una wafanyakazi, wanahitaji habari arobaini kwa siku, wanaokota wanapoona. Nasi tuliokota kwa wakulima wa kahawa, tukaomba mashine ya kumenyea. Tofauti ni kwamba kosa letu lile lilikuwa la kuchekesha, mama Yunisi alikuwa karibu, na tulimfikia kwa miguu. Wewe huko uliko hatukufikii. Leo umekuja mwenyewe.

Hatuombi fidia. Hatuombi jina letu liandikwe kwenye yale mengine yote mliyoyachukua. Ya foleni, ya mahindi, ya misiba, yawe halali yenu. Wala hatukurudishii kompyuta, tusije tukaonekana watu wa kiburi, na tena tunazihitaji. Ila kama itabidi uchague kati ya kutuachia kompyuta hizi na kulifanya hili moja, zipakie. Tulishaandika miaka minne kwa kubonyeza herufi kwa kalamu. Tunaweza kuendelea.

Ombi ni hili. Bandiko lile liondoke kabla ya Ijumaa jioni, na mahali pake, palepale, kwa anwani ileile ambayo mzee Osea ameihifadhi kwenye simu yake, liwekwe la pili. Ferista ameliandika upya, fupi, ili wafanyakazi wako wasipate kazi. Lipo kwenye bahasha ambayo kwa desturi angekuletea mtoto wa shule pamoja na maua. Leo atakuletea mzee Kashinje mwenyewe. Ndiye yule aliyekaa nyuma karibu na mlango, kofia gotini. Alikubali kuja kwa sharti la kukaa nyuma. Tumemwomba apite katikati ya ukumbi taratibu, ili kila aliyewahi kusoma apate kumtazama.

Kilichomo ndani ya bahasha tunakisoma, kisha tumemaliza:

*Kashinje wa Msangano hakuiba ng'ombe. Alinunua ng'ombe wanne mnadani kwa haki, akapewa kibali saa sita na dakika arobaini na tano mchana. Picha yake ilipigwa saa saba na dakika ishirini. Simu iliyosoma saa sita ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo, nasi hatukuitazama. Mzee alitupa kibali chake kwa mkono wake mwenyewe, bila wasiwasi, kama mtu asiye na la kuficha. Kosa ni letu. Mzee tunamwomba radhi, na wote mliosoma la kwanza tunawaomba msome na hili.*

Mgeni rasmi, Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akufikishe kwako salama, na chumba hiki ulichotufungulia kitoe maandishi ambayo sisi na wewe hatutayaonea haya. Ambariki mama yako mkubwa. Awabariki Happy na mwalimu wake, Jumamosi iwakute wanacheka.

Chini ya habari hiyo, mahali ambapo miaka yote tumekuwa tukiandika kwamba hairuhusiwi kunakili, safari hii Ferista ameandika mstari mwingine. Mengi yetu mliyachukua bila kuomba. Hili moja ndilo tunalokuomba ulichukue. Mstari unasema:

*Ruhusa imetolewa. Nakili.*

Ni sisi,
Kikundi cha Blogu ya Huku na Ng'ambo,
Tunduma